Joho Mabegani: James Brown na Kazi ya Jukwaa

Marehemu mjomba wangu aliniachia santuri tatu, na iliyochakaa kuliko zote ni ile ya onesho la mwimbaji wa Marekani James Brown katika ukumbi wa Apollo, Harlem, jijini New York, lililorekodiwa usiku wa tarehe 24 Oktoba 1962. Kabla ya sauti ya mwimbaji kusikika, mpiga kinanda wake, Lucas Gonder, anamtangaza kwa majina ya sifa na kuzitaja nyimbo zake moja baada ya nyingine. Kila wimbo unapotajwa, tarumbeta na saksafoni zinajibu kwa pigo moja, na kila pigo linapanda kidogo kuliko lililotangulia, hadi msikilizaji aliyekaa sebuleni Tanga, miaka mingi baadaye, anajikuta amesogea kwenye ukingo wa kiti. Mjomba hakuruhusu mtu aongee sehemu hiyo ikipigwa. Nimeisikiliza tena mara nyingi mwezi huu, na kila mara nimezidi kuamini jambo ambalo nataka kulieleza hapa kwa kirefu: kwamba James Brown alikuwa mtu wa jukwaa kabla ya kuwa mtu wa studio, na kwamba karibu kila alichokibadilisha katika muziki wa soul, na baadaye katika ule ulioitwa funk, alikibadilisha kwa sababu ya haja ya jukwaani, yaani haja ya kumfanya mtu aliyetoa kiingilio ashindwe kubaki kimya.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1933 Barnwell, South Carolina, akakulia Augusta, Georgia, katika nyumba ya jamaa wa baba yake iliyokuwa danguro. Alichuma pamba, alipiga watu viatu rangi, na aliwachezea dansi askari waliokuwa wakipita mtaani kutoka kambi ya jeshi ya jirani ili wamtupie sarafu. Hadhira yake ya kwanza, basi, ilikuwa ya watu wanaopita, na mtoto anayecheza mbele ya watu wanaopita hujifunza mapema kwamba ana muda mfupi sana wa kuwasimamisha. Shuleni aliwahi kurudishwa nyumbani kwa sababu nguo zake hazikuonekana kuwa za kufaa. Akiwa na umri wa miaka 16 alifungwa kwa kuiba vitu ndani ya magari, akakaa kifungoni miaka mitatu hivi, na huko wafungwa wenzake wakampa jina la Sanduku la Muziki. Alipokuwa anatumikia kifungo katika mji wa Toccoa alikutana na kijana wa mjini hapo aitwaye Bobby Byrd, ambaye familia yake ilimdhamini akatoka mwaka 1952. Byrd alikuwa na kikundi chake cha kuimba. Akamkaribisha Brown ndani yake, na baada ya muda mfupi akamwachia nafasi ya mbele. Ninamtaja Byrd kwa makusudi, kwa kuwa katika masimulizi mengi hupitiwa kwa sentensi moja, ilhali ni yeye aliyesimama pembeni ya Brown akimwitikia kwa karibu miaka 20.

Kikundi hicho, kilichokuja kuitwa Famous Flames, kilirekodi wimbo wake wa kwanza, "Please, Please, Please", mwezi Februari 1956 katika studio za King huko Cincinnati. Mwenye kampuni, Syd Nathan, aliuchukia, na mtu anaweza kuelewa kwa nini: ukiuandika kwenye karatasi, wimbo huo karibu hauna kitu. Ni ombi moja linalorudiwarudiwa na sauti iliyopasuka, na wenzake nyuma wakiitikia. Lakini umbo hilo la wimbo lilifaa sana kwa jukwaa, kwa sababu ombi linalorudiwa linaweza kurefushwa kadiri watu wanavyotaka, na mwombaji anaweza kupiga magoti, akainuka, akapiga magoti tena. Ulinunuliwa sana. Nyimbo zilizofuata hazikufanikiwa kwa zaidi ya miaka miwili, hadi "Try Me" ya mwaka 1958, na katika kipindi hicho kilichomweka mjini kilikuwa ni safari za usiku, kutoka ukumbi mmoja wa Weusi wa majimbo ya Kusini hadi mwingine.

Hapo ndipo wazo la santuri ya Apollo lilipozaliwa. Brown alijua kwamba watu waliokuja kumtazama waliondoka na kitu ambacho santuri zake za studio hazikuwa nacho, akamwomba Nathan agharimie kurekodi onesho zima. Nathan alikataa, akiona kwamba hakuna atakayenunua nyimbo ambazo tayari anazo nyumbani, safari hii zikiwa na kelele za watu juu yake. Brown akatoa fedha zake mwenyewe. Santuri ilipotoka mwaka 1963 ilikaa kwenye orodha ya jarida la Billboard ya santuri zinazouzwa zaidi Marekani kwa wiki 66 na kufika nafasi ya pili, na watangazaji wa redio walifanya jambo lililokuwa geni wakati huo, yaani kupiga upande mzima bila kukatisha. Ni dakika 30 na ushee tu za muziki. Nyimbo zinaunganishwa bila nafasi ya kupumua, na bendi inabadilisha mwendo kama watu wanaogeuka pamoja kwa amri isiyosikika.

Sehemu iliyo nzito kuliko zote ni "Lost Someone", wimbo wa kumpoteza mpenzi, ambao katika studio ulikuwa wa dakika tatu hivi na hapa unapita 10. Bendi inapiga mzunguko uleule mdogo, taratibu, bila kuongeza chochote. Brown anaimba neno, ananyamaza, anasubiri. Mwanamke mmoja ukumbini anamjibu. Anaimba neno lilelile kwa sauti ya chini zaidi, na safari hii wanamjibu wengi. Anayefahamu namna hadithi zetu zinavyosimuliwa, pale fanani anapotoa mwito na kukataa kuendelea hadi hadhira iitikie kwa nguvu anazozitaka, atatambua mara moja kinachotendeka. Brown aliutoa ustadi huo katika makanisa ya Weusi, ambako mhubiri na waumini hujenga hotuba kwa pamoja, lakini aliupeleka mahali ambapo jambo la kuombewa lilikuwa mapenzi ya mwanamume na mwanamke. Ndiyo maana ya kuuita muziki huu soul: sauti ya ibada iliyotumika kueleza maisha ya siku zote. Ray Charles na Sam Cooke walikuwa wameshaifungua njia hiyo, kila mmoja kwa namna yake. Mchango wa Brown ulikuwa kuongeza mwili juu ya sauti.

Na hapa inabidi nikae kidogo kwenye suala la joho, kwa sababu ndilo wengi wanalolikumbuka na ndilo linaloeleweka vibaya. Mwishoni mwa onesho, katikati ya "Please, Please, Please", Brown alianguka magotini kama mtu aliyeishiwa nguvu kabisa. Mshereheshaji wake, Danny Ray, alikuja taratibu, akamfunika joho mabegani, akampigapiga mgongoni, akamwinua na kumwongoza kuelekea nyuma ya pazia, huku Flames wakiendelea kuitikia. Baada ya hatua chache Brown alisimama, miguu ikaanza kukanyaga sakafu kwa hasira, mabega yakatikisika, joho likaruka, naye akarudi mbio kwenye kipaza sauti na kuanguka tena. Jambo hilo lilirudiwa mara mbili, mara tatu, kila mara kwa joho la rangi nyingine, na kila mara ukumbi uliamini kwamba safari hii kweli amekwisha.

Brown mwenyewe alieleza kwamba alipata wazo hilo kwa kumtazama mwanamieleka Gorgeous George, aliyekuwa akiingia ulingoni na majoho ya fahari. Vilevile utotoni huko Augusta alikuwa amemwona Askofu Daddy Grace, aliyewahubiria wafuasi wake akiwa amevaa joho huku wao wakimtunza fedha. Kwa mtu wa pwani yetu picha hiyo haihitaji maelezo marefu. Katika misiba tumewaona wanawake waliozidiwa na kilio wakifunikwa kanga mabegani na kuongozwa kando na wenzao, na tumewaona wengine wakijing'oa mikononi mwa wanaowashika na kurudi pale jeneza lilipo. Brown aliichukua ishara ambayo kila binadamu anaielewa, ishara ya mtu ambaye huzuni imempita kimo na wenzake wanaomhurumia, akaipa mpangilio wa muziki.

Nimewahi kusikia watu wenye elimu ya muziki wakisema kwamba yote yalikuwa maigizo kwa sababu yalirudiwa kila usiku. Sikubaliani nao. Ngoma za kupunga pepo zina taratibu zinazojulikana tangu mwanzo hadi mwisho: ubani huu, wimbo huu, mdundo huu, na mteja hupandisha pale panapotarajiwa apandishe. Hakuna anayehitimisha kwamba kwa kuwa utaratibu unajulikana basi aliyepandisha hakupandisha. Utaratibu ndio mlango. Wanamuziki waliofanya kazi na Brown wameeleza jinsi alivyokuwa akishuka jukwaani ameloa jasho tangu kichwani hadi viatuni, magoti yamevimba, na jinsi alivyofanya hivyo usiku baada ya usiku, karibu mwaka mzima, katika miji isiyohesabika. Mtu akiigiza uchovu wa kiasi hicho kila siku, uchovu wenyewe humkuta.

Mwaka 1964, katika ukumbi wa Santa Monica, California, waandaaji wa tamasha lililopigwa picha za sinema walimpanga Brown atangulie na kikundi cha vijana wa Kiingereza, Rolling Stones, kifunge. Picha hizo zipo, na nawasihi wasomaji wazitafute. Katika dakika 18 hivi anateleza kwa mguu mmoja kutoka upande hadi upande, anapiga msamba na kuinuka bila kutumia mikono, anavishwa joho na kulitupa, mbele ya vijana ambao wengi wao hawakuwahi kumwona. Keith Richards wa Rolling Stones alikiri baadaye kwamba kupanda jukwaani baada ya James Brown kulikuwa kosa kubwa.

Kuanzia mwaka 1965 mabadiliko makubwa zaidi yakaingia katika muziki wenyewe. "Papa's Got a Brand New Bag" ilirekodiwa Charlotte, North Carolina, mwezi Februari mwaka huo, bendi ikiwa safarini kati ya onesho na onesho. Mwaka 1967, mara baada ya onesho moja, Brown alimwita mpiga saksafoni Pee Wee Ellis akamgunia mdundo aliokuwa nao kichwani, na Ellis akaugeuza kuwa "Cold Sweat". Wimbo huo karibu umeacha kabisa kutembea kutoka mkusanyiko mmoja wa noti (chord) hadi mwingine kama nyimbo za kawaida. Unakaa mahali pamoja na kuchimba. Mkazo wote unaangukia pigo la kwanza la kila mzunguko, lile ambalo Brown aliwafundisha wanamuziki wake kuliita Moja, ilhali muziki wa Weusi wa Marekani hadi wakati huo ulizoea kukazia la pili na la nne. Ukishafika pamoja na wenzako kwenye Moja, katikati una uhuru wa kufanya utakalo.

Wapenzi wa dansi letu wataelewa hili kwa haraka kuliko wasikilizaji wengi, kwa kuwa masikio yetu yamelelewa na gitaa la solo, la ridhimu na la besi yakisukana, kila moja likirudia kijineno chake. Kwa Brown hali ilikwenda mbali zaidi. Gitaa la Jimmy Nolen liliacha kuimba na kuanza kuparura kama kuku anayetafuta punje, tarumbeta zikawa mapigo mafupi makavu, na hata sauti ya mwimbaji ikakatwakatwa kuwa miguno na mayowe. Brown aliwahi kueleza kwamba alikuwa akivisikia vyombo vyote, magitaa yakiwemo, kana kwamba ni ngoma. Ndivyo ilivyo: kimoja kinafanya kazi ya vumi, kingine ya chapuo, kingine ya msondo, na mwimbaji ndiye kiongozi wa ngoma anayeamua lini ibadilishwe. Katika "Cold Sweat" anasikika akiwataka wenzake wampe mpiga dramu nafasi, bendi inanyamaza, na Clyde Stubblefield anabaki peke yake. Katika muziki wa kuuzwa madukani wa wakati huo, kumwachia mpiga dramu wimbo namna hiyo lilikuwa jambo la ujasiri.

Ngoma ya namna hiyo haivumilii mtu mmoja kuchelewa, na Brown hakuvumilia. Aliwatoza wanamuziki wake faini kwa noti iliyokosewa, kwa kuchelewa kuingia, kwa viatu visivyong'arishwa. Akiwa anacheza, mgongo akiwa ameipa bendi, aliweza kusikia kosa, akageuka katika mzunguko wa dansi na kumfunulia mkosaji vidole vya mkono, na kila mara vidole vilipofunuliwa faini ilipanda. Hadhira iliona sehemu ya dansi. Ninaustahi ukamilifu uliotokana na nidhamu hiyo, lakini siwezi kuusifu bila kutaja bei yake na nani aliilipa. Mwezi Machi 1970, Columbus, Georgia, karibu bendi yote iligoma kwa sababu ya malipo na namna walivyotendewa. Brown hakujadiliana nao. Byrd alipiga simu Cincinnati, ndege ya Brown ikawafuata vijana wa kikundi kidogo cha huko, akiwemo mpiga besi Bootsy Collins aliyekuwa na umri wa miaka 18 na kaka yake Catfish, na usiku uleule wakapanda jukwaani mahali pa watu waliokuwa mashujaa wao. Mwaka huohuo vijana hao walirekodi naye "Sex Machine", wimbo ambao Byrd anamwitikia Brown karibu kwa kila mstari.

Stubblefield ndiye anayeniuma zaidi. Mwezi Novemba 1969 alipiga, katika "Funky Drummer", sekunde zisizofika 30 za dramu peke yake, na miaka ya 1980 watayarishaji wa muziki wa rap walizikata sekunde hizo na kuzirudia katika nyimbo nyingi mno, hivi kwamba leo kijana wa Mbeya au Kisumu anazijua kwa masikio bila kujua zimetoka wapi. Jina la Stubblefield halikuandikwa miongoni mwa watunzi wa wimbo huo, na alifariki mwaka 2017 bila kuwa amepata mirabaha inayolingana na kazi ya mikono yake. Watunzi na wapigaji wetu wa dansi, ambao wengi waliuza nyimbo zao kwa malipo ya siku moja, wangemwelewa.

Jukwaa lilimdai Brown jambo zito kuliko muziki usiku wa tarehe 5 Aprili 1968. Martin Luther King alikuwa ameuawa Memphis jioni iliyotangulia, na moto ulikuwa umeanza kuwaka katika miji mingi ya Marekani. Brown alikuwa na onesho Boston. Wakuu wa jiji walifikiria kulifuta, kisha wakashauriwa kwamba kuwafungia milango maelfu ya vijana wenye uchungu kungekuwa hatari zaidi, na Meya Kevin White akakubali litangazwe moja kwa moja kwenye televisheni ili watu wabaki majumbani. Ukumbi haukujaa. Karibu na mwisho vijana walianza kupanda jukwaani, askari wakaanza kuwasukuma chini, na katika picha zilizobaki unaona kwamba kilichohitajika ili usiku ule uharibike kilikuwa ni kofi moja tu. Brown aliwaambia askari warudi nyuma na kwamba yeye ataongea na watu wake. Akaongea nao bila kupaza sauti, kama kaka mkubwa, akiwaambia kwamba hawamtendei haki yeye wala hawajitendei haki wenyewe, akawaomba washuke. Walishuka. Kisha akamwambia mpiga dramu aendelee. Boston ilitulia usiku huo kuliko miji mingi ya ukubwa wake.

Mwezi Agosti mwaka huohuo alitoa "Say It Loud – I'm Black and I'm Proud", ambamo kundi la watoto linaitikia kwamba ni Weusi na wanajivunia. Brown alisema baadaye kwamba wimbo huo ulimpotezea wasikilizaji wengi Wazungu. Mjomba wangu aliusikia Dar es Salaam, alikokuwa amekwenda kutafuta kazi akiwa na umri wa miaka 19. Mwaka 1969 ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijana, ambapo Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua, na kufikia Novemba mwaka huo uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao Dar es Salaam ilikuwa ndani yake, ukapiga marufuku muziki wa soul kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Barua zikaandikwa magazetini, za kuunga mkono na za kupinga. Waliopinga waliuliza swali ambalo mjomba aliendelea kuliuliza hadi uzee wake: muziki unaomwambia Mweusi aseme kwa sauti kwamba anajivunia weusi wake unawezaje kuwa wa kigeni katika mji uliowapa makao wapigania uhuru wa Msumbiji na wa Kusini mwa Afrika? Ninaelewa nia ya viongozi wa wakati ule. Nchi ilikuwa changa, na ilikuwa ikijitafutia sura yake. Hata hivyo naona kwamba mjomba na wenzake walisikia vizuri zaidi. Mombasa, miaka michache baadaye, Slim Ali na Hodi Boys walikuwa wakiimba soul yao wenyewe, na hakuna aliyeweza kusema kwamba wao si wa pwani.

Mwaka 1970 Brown na bendi yake walizuru Nigeria, ambako wanamuziki wake walikwenda kumsikiliza Fela Kuti na kutoka wameduwaa. Lakini safari yake ya Afrika inayokumbukwa zaidi ni ya Kinshasa. Mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini Hugh Masekela na mtayarishaji wa muziki Stewart Levine waliandaa tamasha la siku tatu, 22 hadi 24 Septemba 1974, katika Uwanja wa 20 Mai, ili litangulie pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, na muziki ukaachwa usimame peke yake. Walikuwepo B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Miriam Makeba, na kwa upande wa wenyeji Franco na T.P.O.K. Jazz, Tabu Ley Rochereau, Abeti Masikini na Orchestre Stukas. Fikiria James Brown akipanda jukwaani mbele ya watu waliozoea kusubiri sebene ya Franco, watu ambao kwao wimbo kukaa mahali pamoja na kuchimba hadi alfajiri lilikuwa jambo la kila wiki. Alikuwa na umri wa miaka 41, amevaa nguo ya kubana ya kipande kimoja yenye herufi GFOS kiunoni, za cheo chake cha Godfather of Soul. Katika picha za usiku ule sioni mgeni anayeonesha jambo geni. Naona mtu anayecheza kwa watu wanaojua kuhukumu, na anajua kwamba wanajua.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Disko ilimsogeza kando, kisha "Living in America" ya mwaka 1985 ikamrudisha, na mwaka 1986 alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la kuwaenzi wanamuziki wakubwa. Mwaka 1988 alifungwa tena baada ya kukimbizana na polisi kwa gari, akatoka 1991. Alikamatwa zaidi ya mara moja kwa tuhuma za kumpiga mkewe, na mimi sioni kwamba joho lolote linafaa kulifunika jambo hilo. Anayempenda kama mimi ninavyompenda analazimika kuyabeba yote mawili. Alifariki Atlanta tarehe 25 Desemba 2006, akiwa na umri wa miaka 73 na maonesho yakiwa yamepangwa mbele yake. Mwili wake uliletwa Apollo kwa gari la kukokotwa na farasi, watu wakapanga mstari mrefu Harlem kumuaga pale pale jukwaani.

Ukitaka kuona alichokiacha, tazama picha za mwaka 1968 za Michael Jackson, mtoto wa umri wa miaka tisa, akifanyiwa majaribio na kampuni ya Motown. Anaimba wimbo wa James Brown, na miguu yake inateleza kama ya James Brown, na hata namna ya kukishika kipaza sauti ni ileile. Prince alijifunza kwake namna ya kuiongoza bendi kwa ishara ya mkono. Lakini mimi hurudi kila mara kwenye santuri ya mjomba. "Lost Someone" ni ndefu mno kwa upande mmoja, na waliotengeneza santuri ile mwaka 1963 waliukata wimbo katikati, nusu upande wa kwanza na nusu upande wa pili. Wimbo ulipokatika, Brown akiwa bado anaomba na wanawake wa Harlem wakiwa bado wanamjibu, mjomba alikuwa tayari ameshasimama. Aliinua sindano, akaigeuza santuri kwa viganja viwili bila kugusa mistari yake, akapuliza vumbi, na sisi watoto tulikaa kimya, hakuna aliyethubutu hata kukohoa, hadi sauti iliporudi.